Unabii wa Majembe katika Mji wa Kitundani

Hapo zamani, wakati ambapo mtu alipimwa kwa maneno yake na ndevu zake, palikuwa na mji uitwao Kitundani, na sultani wake aliitwa Mwidau. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ndevu chache. Ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, palikuwa na mji wa Kijoto, na mtawala wa huko ndevu zake zilimfika kitovuni. Ikawa siku moja msafiri mmoja, ambaye hakukusudia shari yoyote, alisema barazani mbele ya Sultani Mwidau, "Nimetembea nchi nyingi, lakini ndevu kama za bwana wa Kijoto sijaziona." Tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia Sultani, na hakuna aliyejua sababu, maana mtu mkubwa hawezi kukiri kuwa anakesha kwa ajili ya ndevu za mwenzake.

Basi siku hizohizo alirudi mjini Mwalimu Bahasani, aliyekuwa amekaa mji wa Sanaa, ng'ambo ya bahari, miaka mingi, amepanga chumba katika nyumba ya mzee Myahudi mfua fedha. Mzee yule alimfundisha kusoma vyuo, yaani vitabu, vya manabii wa Bani Israili, hasa maneno yao juu ya siku za mwisho. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mkweli, na aliyapenda maneno yale kama mtu apendavyo watoto wake. Sultani akamwita.

"Mwalimu, katika vyuo hivyo vyako hamna habari ya mfalme wa kaskazini?"

"Imo, Bwana wangu. Katika siku za mwisho mfalme wa kaskazini atakuja kama tufani."

"Na Kijoto kiko upande gani?"

"Kaskazini, Bwana. Lakini kwa watu wa Kijoto nao kuna mji mwingine kaskazini yao, na kwa mji huo kuna..."

"Ndiye!" akasema Sultani, akapiga paja. "Nilijua tangu siku ile! Na sisi tumeambiwa tufanye nini?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Yuko nabii asemaye watu wajitayarishe kwa vita, wafue majembe yao yawe panga, na mnyonge aseme kuwa yeye ni hodari."

Basi pakapigwa mbiu mjini: kila mwenye jembe alilete uani kwa Sultani likafuliwe upanga, na kila mnyonge aje aseme kuwa ni hodari. Watu wakaleta majembe, yakarundikwa uani hata rundo likapita urefu wa mtu. Kisha wanyonge wakapangwa mstari, na jemadari akapita akiwasikiliza mmoja mmoja. Alipofika kwa mzee mmoja mwenye pumu, akamwambia, "Sema, Mimi ni hodari."

"Mimi ni ho... kho! Mimi ni ho... kho! kho!"

"Yatosha," akasema jemadari. "Huyu ni hodari nusu. Atabeba ngoma."

Na mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha anza kukusanyika. Mbegu zilikuwa vibuyuni, mashamba yamefyekwa, na mjini hapakuwa na jembe hata la kuchimbia shimo la mgomba.

Katika mji ule alikuwako mtu aitwaye Ngwali, fukara asiye na shamba wala kazi, na riziki yake ilikuwa mdomo wake. Watu walimcheka, wakampa kahawa, wakamcheka tena. Nyumba yake ililishwa na mkewe, Mize, ambaye alikuwa na jembe moja, na jembe hilo lilikuwa limekwenda uani pamoja na mengine. Asubuhi moja Mize akasimama mlangoni akatazama mawingu, kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amejinyoosha juu ya kitanda cha kamba.

"Bwana wee."

"Lebeka, mke wangu."

"Huo mdomo wako tangu nimeolewa haujanilisha hata tonge moja. Wawachekesha watu, nami nalima. Mvua ikinyesha kabla jembe langu halijarudi, mwaka huu tutakula kicheko chako. Ondoka uniletee jembe."

"Mize, majembe yamechukuliwa na manabii."

"Basi nenda kawaambie manabii kuwa Mize anataka jembe lake."

Ngwali akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda. Lakini hakwenda kwa Sultani moja kwa moja. Alikwenda kwa Mwalimu Bahasani, akamkuta amekaa peke yake, uso wake una huzuni.

"Mwalimu, nifundishe mimi mjinga. Katika vyuo vyako manabii wamesema juu ya majembe mara hiyo moja tu?"

Mwalimu akasema, "La. Liko neno jingine, la nabii mwingine. Yeye asema kuwa katika siku za mwisho watu watafua panga zao ziwe majembe, wala hawatajifunza vita tena."

"Subhanallah! Hilo ni kinyume chake. Mbona hukumwambia Sultani?"

"Hakuniuliza. Aliniuliza habari za vita. Nami, Ngwali, niliogopa. Mtu akishasema, Ndiye! mbele ya baraza zima, ni vigumu kumwongezea neno."

"Nawe wajua lipi la kweli?"

"Yote mawili ni maneno ya manabii. Yule mzee wa Sanaa alikuwa akisema, usimvute nabii ndevu ili aseme utakalo. Lakini yapatanaje, sijui. Nimelifikiri hata kichwa kimeniuma."

"Usijali, Mwalimu," akasema Ngwali. "Kichwa changu hakiumi, maana hakina kitu."

Basi akaenda barazani, akainama, akasema, "Seyidi yangu, nasikia wahunzi wako wanafua polepole. Nipe mimi usimamizi, unabii utimie upesi."

Wakuu wakacheka, na Sultani akacheka nao. "Wewe, Ngwali? Jembe hulijui, upanga huujui!"

"Ndiyo maana, Bwana. Asiyejua hafanyi la kwake, hufanya aliloambiwa tu."

Sultani akapendezwa na jibu lile, akasema, "Haya, nimekupa. Lakini sikiliza. Nataka maneno ya manabii yatimizwe yote. Likianguka neno moja, hata moja, kichwa chako kitaanguka nalo."

"Manabii wote, Bwana? Au mmoja tu?"

"Wote! Mimi si mtu wa kuchagua manabii kama mtu achaguaye maembe."

"Baraza lote limesikia," akasema Ngwali. "Sasa, Bwana, lipo jambo la adabu. Katika sinia la wali mkono wa kwanza ni wa mkubwa, na watoto hungoja. Je, unabii huu uanze na majembe ya wakulima, na Bwana afuate nyuma yao?"

"Yailahi, hapana! Uanze kwangu."

"Basi naomba majembe ya bustani ya Bwana, na panga za askari wa Bwana."

Sultani akakunja uso. "Panga zina haja gani? Zimekwisha kuwa panga."

"Ndiyo, Bwana. Lakini panga za wakulima zitakuwa za unabii. Je, za askari wako zitabaki kuwa za sokoni?"

Sultani akaona kuwa hiyo ni aibu, akaamuru majembe hayo na panga zote zitolewe, ukibaki wake mwenyewe tu, aliourithi kwa babu yake. Naye Ngwali akajenga vibanda viwili, kimoja upande wa mashariki, kimoja upande wa magharibi, kila kimoja na wahunzi wake, mivukuto yake na makaa yake. Katika kibanda cha mashariki majembe yalifuliwa kuwa panga. Panga zikipoa, zilipelekwa kibanda cha magharibi zikafuliwa kuwa majembe, na majembe yakipoa yalirudishwa mashariki. Na rundo la majembe ya watu likabaki pale uani, halikuguswa, likingoja zamu yake.

Mkuu wa wahunzi, Fundi Makungu, akaweka nyundo chini, akafuta jasho.

"Ngwali, ndugu yangu, una wazimu?"

"Ninao kidogo. Kwa nini?"

"Asubuhi nimefua upanga huu, adhuhuri mwenzangu kaufanya jembe, na sasa umerudi kwangu. Chuma si unga, ukande na kukandua. Kila kikiingia motoni hutoa magamba, kikapungua."

"Kikapungua hata wapi?"

"Hata kiishe!"

"Alhamdulillahi," akasema Ngwali. "Endelea, fundi. Manabii wanakungoja."

Basi kazi ikaendelea kwa nyundo na mivukuto, na mji mzima ukasikia mlio, na Sultani alipousikia akafurahi, akasema, "Hiyo ndiyo sauti ya siku za mwisho." Panga zikawa kama visu vya jikoni, kisha kama visu vya kumenyea viazi. Majembe yakawa kama vijiko.

Hata siku Sultani alipoazimia kuvuka mto kwenda vitani, pembe ya siwa ikapigwa, naye akashuka uani na jemadari wake, na wakuu, na Mwalimu, na yule mzee wa pumu na ngoma yake. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mapaa. Wakulima nao walikuwa wamesimama nje ya ua, macho yao juu ya rundo la majembe. Mize alikuwa mbele yao.

"Ngwali!" akaita Sultani. "Panga za askari wangu ziko wapi?"

"Bwana, umekuja saa mbaya kidogo. Zilikuwa panga asubuhi. Sasa ni majembe. Lakini Bwana akinywa kahawa, zitakuwa panga tena kabla ya alasiri."

"Maneno gani haya? Nipe upanga wa jemadari!"

Ngwali akaingia kibandani, akatoka na kitu amekishika kwa ncha za vidole, akampa jemadari kwa heshima zote. Jemadari, ambaye maisha yake yote alikuwa amezoea kuusalimia utawala kwa upanga, akasimama wima, akainua kitu kile mbele ya pua yake, akamsalimu Sultani.

Sultani akasogea. Akasogea tena. "Hicho ni nini?"

"Upanga, Bwana," akajibu jemadari, haonyeshi kutikisika.

"Hicho ni kijiti cha kuchokolea meno!"

"Ni kikali, Bwana."

Sultani akamgeukia Ngwali, amewiva kwa hasira. "Mwanaizaya! Nimekuamuru ufue panga!"

"Bwana wangu, uliniamuru neno la nabii lisianguke hata moja. Nabii mmoja asema jembe liwe upanga. Mwingine asema upanga uwe jembe. Nikimsimamisha huyu, yule aanguka, nami kichwa changu chaanguka naye. Nikaona afadhali wasimame wote, kwa zamu. Kama nimeongopa, Mwalimu yupo."

Watu wote wakamtazama Mwalimu Bahasani. Mwalimu akasogea mbele, akasema, "Kweli, Bwana. Lipo neno hilo la pili. Kosa ni langu, niliogopa kulitaja."

"Basi fua panga mara moja uishie hapo!" akanguruma Sultani. "Rundo lile la majembe linatosha jeshi zima!"

"Nimesikia na nimetii," akasema Ngwali. "Nitafua upya, na nitaishia kwenye panga. Lakini nipe ruhusa nipige mbiu mjini kuwa Sultani amemchagua nabii mmoja na amemkadhibisha mwenzake. Mimi sisemi kwa ubaya, Bwana. Nataka tu watu wajue aliyeliangusha neno ni nani, maana kichwa nilicho nacho ni hiki kimoja."

Wakuu wakatazama miguu yao. Hakuna mtu katika ua ule aliyekuwa tayari kumkadhibisha nabii, na Sultani naye, kwa haki, alikuwa mcha Mungu.

"Na hata hivyo," Ngwali akaongeza kwa sauti ya upole, "zamu bado haijafika kwa majembe ya watu. Uliamuru uanze kwako, na umebaki upanga wako, Bwana. Fundi Makungu, lete koleo."

Fundi akaja na koleo mkononi, akasimama. Sultani akaushika mpini wa upanga wa babu yake, ule wenye nakshi ya fedha, akautazama, akautazama moto. Kisha akamtazama jemadari, ambaye bado alikuwa amesimama wima, amekiinua kijiti chake mbele ya pua, maana hakuna aliyemwambia ashushe. Mzee wa pumu, akidhani kuwa kimya kile ni amri ya kuondoka, akapiga ngoma mara moja, akakohoa, akasema, "Samahani."

Hapo Sultani akacheka. Alicheka hata akajishika ubavu, hata akakaa chini juu ya rundo la majembe, na machozi yakashuka katika ndevu zake chache. Wakuu wakacheka kwa kuwa Sultani amecheka, na jemadari peke yake hakucheka.

"Shusha silaha, jemadari," akasema Sultani, "usije ukajidunga. Ngwali, umenipokonya jeshi mchana kweupe, na wahunzi wangu wakiwa kazini! Haya, wapeni watu majembe yao. Bwana wa Kijoto na akae kaskazini kwake, ndiko alikoumbwa. Nawe Mwalimu, siku nyingine nikisema, Ndiye! niongezee hilo neno lililobaki."

"Nitakuongezea, Bwana, hata ukinikasirikia."

Basi milango ikafunguliwa, na kila mtu akatafuta jembe lake, na matone ya kwanza yakaanguka wangali wanagombana lipi la nani. Ngwali akapiga goti, akangoja tuzo yake, maana katika hekaya za watu kama yeye tuzo ni desturi. Alitumaini kanzu ya hariri, au walau kilemba.

Sultani akamtazama kwa mapenzi, akasema, "Mtu aliyeyahangaikia majembe kiasi hiki, sijui nimpe nini ila jembe." Akaamuru apewe jembe jipya kubwa, lenye mpini mrefu wa mti wa mkarati. Mize, aliyekuwa amesimama karibu, jembe lake begani, akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya mto.

Na kesho yake, mvua ikinyesha, watu wa Kitundani waliona jambo ambalo hakuna nabii aliyewahi kulitabiri: Ngwali yuko shambani analima nyuma ya mkewe, kanzu ameifunga kiunoni. Akasimama, akaegemea mpini, akatazama mbingu nyeusi.

"Mize, wewe waonaje? Huu ndio mwisho wa dunia au bado?"

"Huo mwisho ukija utatukuta kwenye tuta hili," akajibu Mize, hakugeuka. "Lima."