Dumu la Mwalimu Byabato

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana wenyewe wako hai bado, kulikuwa na mtafiti wa ini na figo akiitwa Daktari Adventina. Alikwisha kuandika makala ishirini na tisa katika majarida ya utabibu. Ya thelathini ingempa uprofesa.

Makala hiyo ilihusu dawa mpya ya ini. Ini iliitibu vizuri. Hofu ilikuwa kwenye figo. Basi Daktari akawapa wagonjwa kumi na wawili waimeze miezi mitatu, na kila mmoja akamkabidhi dumu. "Mkojo wa siku nzima, usimwage hata tone. Kisha niletee." Wingi wa mkojo huo ndio ungeonyesha kama figo zinafanya kazi.

Mwezi wa kwanza madumu yakaja yamejaa. Mwezi wa pili yakaja yamejaa. Mwezi wa tatu yakaja yamejaa. Daktari akaandika: figo ni salama. Jarida likaikubali makala. Hospitali ikatangaza kwamba Jumatatu wagonjwa wote themanini wa ini wataanza dawa hiyo.

Ijumaa asubuhi akaja Byabato, mwalimu mkuu mstaafu, mmoja wa wale kumi na wawili. Miguu imevimba, viatu kavishika mkononi. Foleni nzima inasikiliza.

"Daktari, ule mkojo haukuwa wangu peke yangu."

"Ulikuwa wa nani, Mwalimu?"

"Wangu kidogo, wa mke wangu mwingi. Wenzangu wanakuja na madumu yamejaa, mimi niingie na kikombe? Niliona haya. Lakini nimesikia Jumatatu mnawapa watu wote, nimeshindwa hata kula."

Foleni ikacheka. Mtu aliyezoea kunyamazisha shule nzima akasimama pale, akachekwa mpaka wakachoka.

Daktari akamwita Kamugisha, fundi wa maabara. Kamugisha akafungua jokofu, akatoa vichupa thelathini na sita, kimoja kwa kila dumu lililowahi kuletwa. Aliagizwa avimwage, hakuvimwaga. Wakapima upya, Ijumaa hadi Jumapili, wakitafuta kichupa chenye mkojo wa watu wawili, na wenye madumu wakaulizwa. Kumbe waliochanganya walikuwa watano, huyu wa mke, yule wa shemeji. Kila mmoja alilionea haya dumu la mwenzake, na la mwenzake nalo limeongezewa.

Figo zilikuwa zinaumia. Jumapili hiyohiyo Daktari akaliandikia jarida: iondoeni makala yangu, nimekosea. Akaenda wodini kuizuia dawa kwa mkono wake. Jumatatu haikumezwa hata tembe moja.

Wale kumi na wawili waliachishwa dawa na figo zao zikapona. Mwalimu akavaa viatu, na mkewe akamtania kwamba sasa ajaze na dumu la jirani. Wale themanini hawakuguswa. Nasimulia nikiwa na furaha kweli, maana mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi.

Jarida likajibu: andikeni makala mpya, mseme yote yaliyotokea, hospitali nyingine zisinaswe. Wakaandika watatu: Daktari, Kamugisha na Mwalimu. Lakini watu wa majarida wana desturi yao: jina la mbele ndilo linalotajwa na kukumbukwa. Waliobaki, hata wawe kumi, huitwa "na wenzake".

Kamugisha akasema, "Niwe mbele mimi. Niliona miguu ya wagonjwa imevimba na madumu yamejaa, nikatia shaka, nikatunza vichupa. Bila vichupa, maneno ya Mwalimu yangekuwa ya mtu mmoja tu."

"Ulitia shaka miezi mitatu ukanyamaza," akasema Byabato. "Mimi ndiye niliyesema, mbele ya watu, nikachekwa."

"Uliungama uongo wako mwenyewe, Mwalimu," akajibu Kamugisha.

Daktari akasema polepole, "Miguu ile niliiona na mimi, sikuuliza. Hilo ni kosa langu. Lakini nyinyi mlinipa habari tu. Ningeweza kuikalia, nikawa profesa. Aliyeifuta kazi yake ni mimi, na uprofesa umekwenda nayo; hii mpya ya kukiri kosa haihesabiwi."

Kila mmoja alikuwa amekosa, na bila yeyote kati yao mama yangu angeimeza ile dawa.

Makala imekwisha, ipo mezani, mahali pa majina pako wazi. Haya, ninyi mnaonisikiliza: nani anastahili kutajwa kwa jina, na akina nani wawe wenzake?