Semdoe na Gari la Sultani Lisilo na Ila

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na mapango, la, ni zamani ya karibu tu, masultani wamekwisha kujua kupiga honi, palikuwa na Sultani akiitwa Darweshi bin Sefu, mwenye mji wa bondeni na milima yote iliyouzunguka. Sultani huyo alipenda sifa kuliko wali. Kitu chake kikisifiwa, hula akashiba; kikitiwa ila, usiku kucha anageuka kitandani kama samaki kikaangoni.

Juu ya mlima palikuwa na kijiji, jina lake Kwemtindi, watu wake wakulima wa kabichi na viazi. Njia yao ya kushukia mjini ilikuwa ndefu. Mtu akizidiwa na ugonjwa, wanaume humlaza kitandani wakamchukua mabegani mwendo wa kutwa mpaka hospitali. Na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ni hivyo hivyo. Masika yaliyopita walichukuliwa wawili, na wote wawili hawakufika. Basi wanakijiji wakasema, "Mwaka huu tununue gari, tumechoka kuzika njiani." Wakachanga mbuzi, wakapata kumi na wanane. Wa kumi na tisa hakuonekana, hata walipotafuta chini ya vitanda.

Ikawa shauri: nani aende kununua? Wakamchagua Semdoe. Semdoe huyu alikuwa mchunga punda wa watu. Yeye mwenyewe hakuwa na punda, wala kamba ya punda. Wengi walimwita mjinga, maana ukimwambia "ngoja kidogo" atakuuliza kidogo kiasi gani. Lakini binti yake Mashavu alikuwa na mimba ya mwezi wa nane, amekwisha kuvimba miguu, na wazee wakasema, "Hapana atakayelitazama gari kwa jicho kali kuliko baba wa huyu."

Basi Semdoe akashuka na wazee wawili mpaka uani kwa Sultani, maana Sultani ndiye peke yake aliyekuwa na magari ya kuuza. Wakakuta matatu. La kwanza taksi nyeusi, la pili lori, la tatu pikapu ya milango minne, ile waiitayo dabo kebini, mbele wanakaa watu watano na nyuma kuna bodi la kupakia mizigo.

Waziri akasema, "Chagueni."

Semdoe akasema, "Hii taksi itampeleka mgonjwa, lakini kabichi zitabaki zikituangalia. Lori litapeleka kabichi, lakini mgonjwa akifika atakuwa kachumbari. Tunalitaka hili la tatu, lenye sebule na ghala."

Sultani Darweshi, aliyekuwa barazani anakunywa kahawa, akafurahi. "Umechagua jicho langu la kulia. Bei yake mbuzi arobaini."

Wazee wawili wakatazamana. Mmoja akafungua kinywa aseme kwamba tairi zimekuwa na upara. Waziri akamwahi, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti ya kuliita soko zima: "Sheria ya Sultani! Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, atakayetaja ila ya gari la Sultani tangu kutajwa bei hata kukabidhiwa, atatozwa mbuzi mmoja kwa kila ila. Na mbuzi huyo atapewa upande wa pili, kama ilivyo desturi ya mnadani, kwamba aharibuye biashara humlipa mwenzake."

Mzee akafunga kinywa. Kuomba kupunguziwa bila kutaja ila, nani amewahi kuweza? Ni kama kupiga chafya bila pua.

Semdoe akasema, "Sheria nzuri. Nipeni ruhusa nimsifu mnyama."

Akaanza kulizunguka gari kama mtu amzungukavyo punda wa kununua. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakuta ni vuguvugu. "Lo! Hata hatujafika, lilikwisha kupata moto wa furaha ya kutuona." Waziri akatazama pembeni, maana asubuhi ile ile yeye ndiye aliyeamuru injini iwashwe mapema, wageni wasije wakaisikia ikikohoa. Semdoe akapiga magoti, akachungulia chini, akagonga chuma kimoja kimoja kwa fimbo yake, sikio limeinama. Kisha akamwomba dereva wa Sultani, mtu wa makamo aitwaye Feruzi, alipeleke gari kwenye mteremko nyuma ya jumba na kulisimamisha ghafula, mara tatu. Mara tatu likasimama kama lililopigiliwa msumari.

Semdoe akanong'ona, "Feruzi ndugu yangu, moyo wake?"

Feruzi akajibu chinichini, midomo haichezi, "Moyo ni wa simba. Na miguu umeiona inavyoshika. Mengine... wewe msifu tu."

Basi Semdoe akajua: gari lile ila zake ni zile zinazopiga kelele, si zile zinazoua. Akarudi mbele ya Sultani, akainama.

"Maulana, umesema arobaini. Nami nasema arobaini. Sipunguzi hata kwato."

Wazee wa Kwemtindi nusura wazimie. Mmoja akamvuta kanzu. "Semdoe! Umerogwa? Hao ishirini na wawili wengine utawazaa wewe?"

"Nyamaza, kaka," akasema Semdoe. Akamgeukia tena Sultani. "Ila, Maulana, sisi watu wa punda tuna desturi yetu. Mnyama wa mizigo hakabidhiwi sokoni. Mwenyewe humwongoza mpaka zizini kwa mnunuzi, mzigo mgongoni, na hapo ndipo anapokabidhi kamba na kupokea mali yake. Kabla ya hapo mnunuzi hata hamgusi, mwenyewe asije akasema mnunuzi ndiye aliyemvunja. Hili lako ni mnyama wa mizigo. Tunaomba ulifikishe wewe mwenyewe, watu wa mlimani wauone uso wako na gari lako kwa pamoja."

Sultani hakuwa amewahi kulipanda gari lile isipokuwa siku ya Idi, kulizungusha bustani mara moja huku watu wakipiga vigelegele. Akasema, "Kumbe mnaijua heshima! Pakieni. Kesho alfajiri nitawafikishia."

Kesho yake gari likapakiwa mifuko ya chumvi na mabati mawili ya zahanati ambayo kijiji bado hakijamaliza kuijenga. Sultani akakaa mbele upande wa kushoto, joho la zari, kilemba kimesimama. Feruzi akashika usukani. Nyuma wakakaa Waziri na karatasi yake, Semdoe katikati, na mzee mmoja; yule mwingine akakaa juu ya chumvi.

Robo ya kwanza ya safari ilikuwa lami, na Sultani akajisifia njia nzima. "Gari hili halinywi mafuta, linanusa tu."

"Naona, Maulana," akasema Semdoe. "Na hata sisi tunanusa pamoja nalo."

Lami ikaisha. Vumbi likaanza kupanda kutoka sakafuni, maana chini ya miguu ya Sultani palikuwa na tundu la kupita paka. Sultani akakohoa, akakohoa tena, kilemba kikawa rangi ya udongo. Akasema, "Feruzi! Sakafu hii ina tundu!"

Waziri, ambaye sheria ilikuwa damu yake, akaandika kabla hajafikiri. "Mbuzi mmoja."

Sultani akageuka. "Unaandika nini wewe?"

"Maulana, sheria imesema mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo. Hayo 'mkubwa kwa mdogo' uliniongezesha mwenyewe."

Sultani akacheka kwa dharau. "Mbuzi mmoja! Andika. Nina zizi zima." Akataka kufungua dirisha apate hewa. Akazungusha mpini, mpini ukabaki mkononi. "Dirisha gani hili lisiloshuka!"

"Wa pili," akasema Waziri, sauti imepungua.

"Halishuki kwa sababu linakuhifadhi na upepo, Maulana," akasema Semdoe.

Ikawa wanapanda. Kila kona honi ilikuwa ikilia yenyewe, na wachunga ng'ombe wakikimbilia vichakani. Kiti cha Sultani kikawa kinateleza mbele gari likisimama, na kurudi nyuma likiondoka, hata akaonekana kama mtu anayeswali kwa haraka. Shokapu zilikuwa zimekwisha kusahau kazi yao. Kwenye kila shimo kilemba kiligonga dari, na kila kilipogonga Sultani alitoa neno, na kila neno Waziri aliandika. Rejeta ikachemka, wakasimama kutia maji. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, kwiyo, kwiyo, na jua linawaka.

"Kelele hii ya waipa itaniua!"

"Wa kumi na nne."

"Na wewe Semdoe mbona husemi kitu? Huoni?"

"Maulana, mimi ni mchunga punda. Punda akinipigia kelele huona amenizoea."

Feruzi alikuwa anauma mdomo wa chini mpaka ukawa mweupe.

Walipoona mapaa ya Kwemtindi, Waziri akahesabu karatasi yake, akasema kwa unyonge, "Maulana, kwa idhini yako, tumefika mbuzi ishirini na mmoja." Hapo ndipo Sultani akaelewa njia aliyopitishwa. Akamtazama Semdoe kwenye kile kioo kidogo cha mbele, na Semdoe akamtazama. Sultani akafunga kinywa kama mtu aliyeweka maji.

Semdoe naye moyo ukamshuka. Arobaini ukitoa ishirini na mmoja ni kumi na tisa, na kijiji kina kumi na wanane. Mbuzi mmoja! Kwa mbuzi mmoja gari litageuza lirudi, na Mashavu atabaki na kitanda cha mabegani.

Gari likaingia uwanjani. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama, wanawake wakapiga vigelegele. Feruzi akashuka haraka kwenda kuitilia rejeta maji, na nyuma wakashuka Waziri, Semdoe na mzee. Sultani akashika kitasa cha mlango wake. Akavuta. Akavuta tena. Akasukuma kwa bega. Mlango ukanyamaza.

Watu wakangoja. Waziri akauvuta kwa nje, ukamshinda; na wanakijiji hapana aliyethubutu kuugusa, kwa kuwa desturi ni desturi, mnyama hajakabidhiwa. Sultani akatazama upande wa usukani. Ili kutokea huko ilimpasa kuruka fimbo ya gia na joho lake, miguu juu, mbele ya watoto. Dirisha halishuki. Jua la saa tano likaingia kioo kizima. Jasho likatoka kwenye kilemba, likachora mifereji katika vumbi la uso.

Semdoe akasogea hatua moja, mikono nyuma. "Maulana, tunaona jinsi gari linavyokupenda. Halitaki utoke."

Sultani akajipangusa jasho kwa ncha ya joho.

"Tungojee mpaka liridhike. Wanawake, ongezeni vigelegele!"

Vigelegele vikaongezwa. Sultani akafumba macho. Akayafumbua. Ndani mle hewa ilikuwa imekwisha na chumvi ya jasho ikamwingia machoni. Mwisho akapiga kioo kwa ngumi, akapaza sauti iliyosikika hadi konde la mwisho: "Mlango huu mbovu haufunguki!"

Waziri akatazama karatasi, akatazama bwana wake, akatazama mbingu. "Wa ishirini na mbili," akasema, na kalamu ikamdondoka.

Feruzi akaja mbio, akaupiga mlango teke mahali anapopajua yeye, ukafunguka. Sultani akashuka. Watu wote wakainama, na chini ya kuinama kule mabega yalikuwa yanatikisika.

"Semdoe," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa nzito. "Nikitaka, nitakurudisha bondeni na pingu."

"Nimesikia na nimetii, Maulana. Lakini kwa kosa gani? Sikuomba kupunguziwa. Wala ila sikutaja, hata moja. Nilisifu tangu uani kwako mpaka hapa, kinywa kimenikauka."

Sultani akamgeukia Waziri. Waziri akasema, "Ni kweli, Maulana. Hana hata nukta katika karatasi. Bei imebaki mbuzi kumi na wanane."

Wakati huo huo ukasikika ukelele kutoka nyumba ya tatu, na wanawake wakaanza kukimbia. Mkunga mmoja, Bi Mwanahawa, akatokea mlangoni na kanga kiunoni. "Semdoe! Mwanao! Chupa ya uzazi imempasuka na mtoto amekaa vibaya, huyu si wa kuzalia hapa!"

Semdoe akili yote ikamtoka. Akamtazama Sultani, na safari hii hakuwa na sifa wala utani. "Bwana wangu. Kamba."

Sultani Darweshi akatazama uso ule, akatazama mlima wote walioupanda, akajua kutwa nzima ya kitanda mabegani ina maana gani, maana yeye asubuhi moja tu kwenye kiti cha ngozi ilikuwa imemvua kilemba. Akachukua ufunguo kwa Feruzi, akauweka katika kiganja cha Semdoe, akafunga vidole vyake juu yake. "Limefika zizini; mbuzi wangu mtawaleta baadaye. Na Feruzi nawaachia mpaka mjifunze kuendesha."

Basi chumvi na mabati yakashushwa mbio mbio. Mashavu akalazwa kiti cha mbele, Bi Mwanahawa na mama mtu na shangazi wawili wakajaa nyuma. Na kwa kuwa Kwemtindi hawashuki mlima mikono mitupu, bodi likatupiwa kabichi. Sultani akasimama na joho lake mkononi.

"Na mimi nitashukaje?"

Shangazi mmoja akatoa kichwa dirishani. "Panda kule kwa kabichi, baba, usitucheleweshe!"

Hakuna aliyemwambia shangazi yule anasema na nani. Sultani akapanda, Semdoe akamvuta mkono, wakakaa wawili juu ya kabichi, na Waziri akalala kifudifudi katikati, karatasi kifuani. Gari likashuka. Kila kona likashika, imara, kama Feruzi alivyosema.

Bondeni watu walipoliona gari la Sultani wakatoka madukani na mashambani, wakapanga mstari, wakainama mbele ya kioo. Mashavu, katikati ya uchungu mmoja na mwingine, asijue la kufanya, akawa anawainulia mkono. Nao wakazidi kuinama. Nyuma kule hapana aliyemtambua mzee mwenye uso wa vumbi aliyekumbatia kabichi mbili zisidondoke, anacheka mpaka machozi.

Kabla ya magharibi Mashavu alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti. Sheria ile haikusomwa tena. Hivyo ndivyo nilivyoipokea, na hivyo ndivyo ninavyoiweka mikononi mwenu.