Haibridi ya Mtu Asiyekuwepo

Kulikuwa na bwana mmoja mcheza gofu. Mbona mnaguna? Kila Jumapili nawapa mifano ya shamba, mnasinzia. Leo nimeleta gofu, na naona wale wanaume wa benchi la nyuma, wale ambao Jumamosi nikiwapigia simu wako "mkutanoni," wamekaa wima. Karibuni. Mkutano wenu leo uko hapa.

Bwana huyu alikuwa na mke, na mke naye alicheza gofu. Tena alimshinda mumewe, ingawa nyumbani kwao jambo hilo halikutajwa. Katika kilabu chao kulikuwa na kombe la mume na mke, na mama alikuwa amelitamani tangu watoto wao wakiwa wadogo. Alitaka siku moja jina lake na la mumewe yaandikwe pamoja kwenye ule ubao wa ukutani, watu wapite, wasome. Ni hilo tu.

Sasa kombe hilo lina taabu yake. Mnacheza mpira mmoja, kwa zamu. Mume akipiga, mke anapiga kutoka pale mpira wa mume ulipoangukia. Ukiutupa kichakani, mwenzako ndiye anayeinama kuingia kwenye miiba. Nyinyi mlio kwenye ndoa mmenielewa, sina haja ya kufafanua.

Shida ilikuwa umri. Bwana alikuwa amefika ile miaka ya tumbo na bega bovu. Fimbo zake ndefu za chuma hazikumtii tena. Mpira ulikataa kupaa, ukawa unatambaa tu. Mke akamwambia kwa upole, "Baba Kendi, siku hizi kuna fimbo zinaitwa haibridi. Nenda dukani wakuchagulie moja inayokufaa, kabla kombe halijaanza."

Haibridi. Najua mmefikiria mahindi. Hii ni fimbo ya gofu iliyochanganya ile ya chuma na ile yenye kichwa kinene, na kazi yake ni kumsaidia mtu kuinua mpira kutoka mahali pabaya. Lakini ziko za kila aina. Iko ya mtu mwenye nguvu, mpini wake mgumu. Iko ya mtu anayepiga polepole, mpini wake mwepesi, na uso wake umelazwa nyuma ili mpira upae bila kulazimishwa. Kwa hiyo muuzaji lazima akuulize habari zako. Asipokuuliza atajuaje?

Muuzaji akamuuliza, "Mzee, kwa kawaida mpira wako unafika wapi?"

Dukani palikuwa na wanaume wawili wa kilabu, wanajaribu viatu. Bwana akawatazama, akavuta tumbo ndani. "Mimi? Mimi napiga mbali. Lile bwawa la shimo la tisa nalivuka bila wasiwasi."

"Na bega? Mgongo?"

"Niko imara kabisa."

"Basi ingia hapa kwenye wavu upige mipira kidogo nione."

"Aa, leo nina haraka. Wewe nipe kulingana na nilivyokwambia."

Jamani! Hebu niambieni. Umeacha kazi zako, umewasha gari, umekuja mpaka dukani kutafuta msaada, halafu yule anayetaka kukusaidia ndiye unayemdanganya? Ili upate nini? Wale wanaume wa viatu hata hawakuwa wanamsikiliza. Walikuwa wanabishana kuhusu soksi!

Basi muuzaji akampa kulingana na alivyoambiwa. Akampa fimbo ya mwanaume mwenye nguvu.

Kombe huchezwa Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza bwana akaitoa haibridi yake ingali na plastiki, akaifungua mbele ya watu. Akapiga. Mpira ukatambaa, ukaingia kwenye nyasi ndefu. Mama akaingia kwenye nyasi, akautoa vizuri. Bwana akapiga tena. Kichakani. Mama akaingia kichakani, akautoa, mikono imejaa mikwaruzo. Wakafika shimo la tisa, kwenye bwawa. Bwana akapiga kwa nguvu zote alizokuwa nazo na nyingine ambazo hakuwa nazo. Chubwi! Majini.

Na msikie alivyosema. Akaitazama fimbo, akatikisa kichwa. "Yule kijana ameniuzia takataka."

Hata hivyo hawakuachwa mbali, kwa sababu mama alikuwa anacheza kufa na kupona. Wangeweza bado kulichukua kombe Jumamosi ya pili. Kwa hiyo Jumatatu mama akaibeba ile fimbo mwenyewe mpaka dukani, mumewe nyuma yake. "Kijana, umempa mume wangu nini?"

"Mama, nimempa inayomfaa. Mzee ni mtu wa nguvu, bega imara, anavuka bwawa la shimo la tisa."

Mama akageuka, akamtazama mumewe kuanzia juu mpaka chini. "Huyo ni nani? Nimeishi na huyu miaka yote hii, huyo mwingine sijawahi kumwona!"

Kijana hakucheka. Alitoa haibridi nyingine tatu zenye mipini myepesi, akazipanga mezani. Kisha akauliza tena taratibu, "Mzee, mpira wako unafika wapi?"

Ndugu zangu, fimbo zilikuwa pale. Muda ulikuwepo. Kilichotakiwa ni maneno machache tu: nimezeeka, bega linauma, nisaidie. Mke amesimama kando, anamsubiri, moyo uko juu juu. Na dukani hapakuwa na mtu mwingine, ila mteja mmoja tu mlangoni anafungua mwavuli. Bwana akamtupia jicho yule wa mwavuli. Akakohoa kidogo.

"Unajua," akasema, "mimi mwenyewe sina shida. Ila nina rafiki yangu mmoja. Huyo ndiye mpira wake hauinuki siku hizi."

Mama akasema, "Sawa. Jumamosi mlete huyo rafiki yako acheze na mimi. Wewe utabaki nyumbani." Akatoka.

Bwana akanyoosha mkono kwenye zile fimbo. Kijana akazivuta. "Mzee, rafiki yako siwezi kumchagulia. Hayupo."

Jumamosi hiyo hawakucheza, si bwana wala mama. Ubaoni yakaandikwa majina ya watu wengine.

Mnacheka. Haya, chekeni. Mzee Mutuma, cheka mpaka umalize, nitakungoja.

Mmemaliza? Sasa mnijibu mimi. Ni nani hapa aliyeingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaniambia, "Mchungaji, nina rafiki yangu pombe inamshinda"? Nani mwingine alikuja na rafiki ambaye haongei na mkewe? Na rafiki ambaye imani imemwisha lakini bado anaimba kwaya? Simtaji mtu. Lakini kanisa hili lina marafiki wagonjwa wengi kuliko washiriki! Nimewaombea hao marafiki mpaka magoti yanauma, na hajapona hata mmoja. Mnataka nifanye nini? Nimchome sindano mtu ambaye hayupo?

Mungu akituuliza tunaumia wapi, sisi tunageuka kwanza kuangalia nani yuko mlangoni. Tunajieleza kwa sifa za mtu mwingine, kisha tunanung'unika kwamba maombi hayafanyi kazi, mchungaji hafai, Mungu amenyamaza. Na wakati tunalinda hilo jina letu, kuna mtu nyumbani ambaye kila siku anaingia kwenye miiba kutoa kile tulichokitupa sisi. Wengine mmekaa naye hapa benchi moja. Mwangalieni mikono.

Nimechoka, ndugu zangu. Sina mahubiri mengine juu ya hili. Kesho nitakuwa ofisini kutwa, na mlango utakuwa wazi. Njoo. Lakini huyo rafiki yako, tafadhali, mwache nyumbani.