Betri Iliyoganda

Mtu mmoja alikuwa na mke mgonjwa wa mapafu, huko milimani ambako asubuhi za Juni nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Jina lake Yoramu, na mkewe aliitwa Veneranda. Mama huyo alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, na kwa kuwa umeme wa nguzo hukatika, Yoramu alimnunulia betri ya aina mpya, isiyo na maji ndani, plastiki tupu.

Fundi aliyeileta alimweleza kwa subira. Humo ndani umeme hubebwa na chembe ndogo mno, ambazo hazina maji ya kuogelea. Kila chembe imeshikwa na nyuzi za plastiki. Nyuzi zikiwa na joto hujinyonganyonga, na uzi huu humwachia mwenzake chembe, naye humwachia mwingine, hata ifike ng'ambo. Zikipigwa na baridi hukakamaa. Chembe hubaki palepale iliposhikwa, na betri iliyojaa huwa sawa na jiwe.

Yoramu alisikia. Lakini alichelea watoto wa mdogo wake Lazaro wasije wakaichezea, maana nyumba zao zilitenganishwa na ua wa matete tu, na ndugu hao hawakuwa wakisalimiana tangu matanga ya baba yao. Akaifungia stoo, ndani ya sanduku la bati.

Asubuhi moja umeme ukakatika, Veneranda akaanza kutweta. Yoramu akaileta betri mbio, akaiunga. Taa yake ilionyesha imejaa, mashine ikanyamaza. Akaikumbatia kifuani chini ya blanketi, nayo ikamnyonya joto lake bila kupata moto. Nyumbani kwake hapakuwa na jiko lililowashwa, kwa kuwa moshi ulimdhuru mkewe, na kuni za nje zilikuwa zimelowa. Ng'ambo ya ua moshi wa Lazaro ulikuwa ukipanda. Yoramu aliutazama. Akasema moyoni, ningoje kidogo, huenda kifua changu kikatosha. Veneranda naye aliutazama ule ua, lakini hakuwa na pumzi ya kusema.

Hatimaye alipovuka na betri, Lazaro alimpisha motoni. Aliipokea betri kwa mikono miwili, akaiweka kando ya mafiga, akawa anaigeuza polepole. Kisha akasema bila kuinua macho, "Kaka, nimemsikia shemeji akitweta tangu kulipopambazuka. Nikakaa hapa."

Wakarudi wakikimbia. Mara hii mashine ilinguruma, ikapuliza hewa safi puani mwa mtu aliyekwisha kukata roho. Hakuna kati yao aliyethubutu kuizima. Iliendelea kupuliza hivyo hadi majirani walipoingia.

Betri ilikuwa imejaa, na moto ulikuwa ukiwaka. Ni nini basi kilichokuwa kimekufa penye ua ule kabla ya Veneranda?