Wembe Uliosubiri Jina

Hapo zamani, nyinyi hamjazaliwa na mimi sijajifunza kutia chumvi, kulikuwa na mwoka mikate ya mofa aitwaye Shomari. Siku mkewe Mashavu alipomwambia ana mimba, Shomari aliunguza mikate ya tanuri zima. Mikate ikawa mkaa, yeye anacheka tu. Akatoka barazani na unga mpaka kwenye nyusi, akawatangazia wapita njia, "Atakayetabiri sawasawa kama mtoto wangu ni wa kike au wa kiume, huyo ndiye atakayempa jina."

Ona mdomo huo. Katika mji ule jina la mtoto wa kwanza lilikuwa haki ya upande wa mume, wala halikuwa kitu cha kuchezea. Lakini neno lilishatoka, na watu walishalisikia.

Mashavu alipolisikia, moyo wake ulicheza ngoma. Yeye alilelewa na baba peke yake, Mzee Pandu, aliyekuwa akimsuka nywele ovyo na kumpikia uji wenye madonge. Mzee Pandu alifariki, na hakuna mtu duniani aliyebeba jina lake. Mashavu alitamani apate mtoto wa kiume amwite Pandu, ila hakuwa na njia. Sasa mumewe, kwa furaha zake, kamfungulia mlango.

Basi mji ukapata kazi. Mashavu akienda kisimani, watu wanalipima tumbo kwa macho. Limechongoka, wa kiume. La, limeviringana, wa kike. Akila ndimu, wanabishana. Akipiga chafya, wanabishana. Muuza samaki mmoja alisema wa kike, kesho yake akasema wa kiume, wakamfukuza barazani kwa vicheko.

Wa kwanza kusema na kushikilia neno lake alikuwa Mzee Mbaruku, kinyozi, mjomba wa Shomari. Alisema "wa kiume" kabla tumbo halijaonekana. Lakini jamani, Mzee Mbaruku alisema "wa kiume" kwa kila mimba ya mji ule. Hata mbuzi wa jirani alimtabiria beberu.

Wa pili alikuwa Bi Kirembo, mama yake Shomari na dada wa huyo kinyozi. Yeye hakubahatisha. Alitandika mikeka miwili midogo, chini ya mmoja akaficha mwiko, chini ya mwingine shoka. Mwenye mimba akikalia mwiko, mtoto wa kike. Akikalia shoka, wa kiume. Bi Kirembo aliuombea mwiko, maana alitaka mjukuu wa kike ampe jina la mama yake. Mashavu akaja anayumbayumba, akazunguka, akakalia shoka.

"Inuka, mwanangu, ukae tena," akasema Bi Kirembo.

Mashavu akainuka, akakalia shoka tena. Bi Kirembo akanuna, lakini alitoka nje akasema mbele za watu, "Nilitaka wa kike. Shoka limesema wa kiume, nami nasema wa kiume."

Wa tatu alikuwa Mashavu mwenyewe. Kila asubuhi, mbele ya wateja wa mikate, alishika tumbo akasema, "Pandu, acha mateke, baba." Watu walicheka, ila walimsikia.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shomari akaunguza mikate mara nyingine.

Ikafika siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina. Kwa desturi yao, wembe haugusi kichwa kabla jina halijatamkwa. Mzee Mbaruku akakilowesha kichwa, akainua wembe.

"Anaitwa Mbaruku," akasema. "Nilitabiri kabla ya wote. Mimi sina mtoto. Nikifa, jina langu linazikwa na mimi."

"Kaka, shusha wembe," akasema Bi Kirembo. "Maneno hayo hayo ulimwambia mbuzi. Mimi nilipima, na nikasema kweli iliyoniuma. Anaitwa Kombo, jina la marehemu mume wangu. Naapa mbele ya Mungu kwamba jaribio langu…"

"Usiape, mama," Mashavu akamkatiza. "Niliupapasa mkeka kwa unyayo, nikakisikia chuma cha shoka. Shoka nililikalia makusudi, mara zote mbili."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Bi Kirembo mwenyewe alicheka mpaka kanga ikamwanguka begani, ndipo akakumbuka kukasirika.

"Kumbe ulinidanganya, mwanangu."

"Nilikudanganya, mama. Ningenyamaza, ungeapa uongo bila kujua. Lakini na mimi nilisema wa kiume, tena nilimwita kwa jina akiwa bado tumboni. Nikilikosa leo, sina mtu tena wa kumwita Pandu." Akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Watu wote wakamgeukia Shomari, mwenye mdomo wake. Shomari akaufungua, halafu kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga. Papo hapo mtoto akamkojolea kinyozi mpaka kwenye ndevu. Wengine wakasema amemkataa, wengine wakasema amemchagua.

Basi, wenzangu, wembe uko juu, maji yanapoa, na mtoto anapiga kelele. Yuko kinyozi aliyesema kabla ya wote, yuko bibi aliyesema kweli asiyoitaka, na yuko mama aliyefanya hila akaiungama mwenyewe. Shomari kashindwa, anawatazama nyinyi. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?