Mtafiti Ngiri na Karanga za Mjane

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa shimo lenye wenyewe.

Na karanga zao.

Basi tulieni, ingawa wao hawakutulia.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Bwana Kuchakuro, kindi wa shimoni, alipofariki. Mkewe akakaa eda shimoni, lakini roho yake haikukaa. Kila akijilaza, husikia vishindo juu: pu, pu, pu. Majirani wanahama. Leo Nungu, kesho Kanga. Yeye alibaki na wanawe na gunia moja la karanga. Akikaanga, wateja wakiagiza kwa simu, wanawe wakipeleka. Gunia likiisha, naye atahama, na eda haijaisha.

Serikali ya mbugani ilikuwa imemtuma Ngiri, mwenye pembe mbili na tumbo lisilo na mwisho, atafiti kwa nini wanyama wanahama. Alianza kwa Nungu, muuza mihogo. Akamuuliza kazi yake, akamuuliza biashara yake, akamuuliza kama ana simu. Kisha akataka sampuli. Kafu, kafu, kafu, mihogo ikaisha. Nungu akahama. Ngiri akaenda kwa Kanga, muuza mtama. Akamuuliza yale yale. Kisha akataka sampuli. Kafu, kafu, kafu, mtama ukaisha. Kanga akahama. Ngiri akapeleka habari kwamba tatizo linakua, utafiti uendelee.

Ndipo akafika kwa Bi Kuchakuro. Akabisha hodi, akatoa pole, akauliza maswali yake. Bi Kuchakuro akajibu toka ndani, taratibu.

"Sasa sampuli, mama."

"Niko eda, baba. Sitoki nje."

"Basi nitaingia mimi."

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume tangu enzi za mababu, pembe zibaki mlangoni. Bi Kuchakuro akaona mkia unateremka.

"Nyumba ya msiba unaingia kwa makalio, baba? Kwenu hakuna wakubwa? Tanguliza kichwa, na macho uyafumbe."

Ngiri akaona haya. Akageuka, akafumba macho, akatanguliza kichwa. Harufu ya karanga ikamvuta. Akasukuma, akasukuma tena. Kwaru! Pembe zikanasa kwenye mizizi. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Mama, nimekwama."

"Pole, baba. Subira."

Bi Kuchakuro akachukua simu, akawapelekea wote waliohama ujumbe mmoja: Sababu ya kuhama imekwama mlangoni kwangu. Njooni mwone.

Vishindo vikarudi: pu, pu, pu. Kanga akarudi, akacheka mpaka akakaa chini. Nungu akarudi, akazunguka nyuma ya Ngiri, akachagua mwiba mrefu mgongoni mwake.

"Na hii ndiyo sampuli yangu."

Ngiri akang'oka na mizizi yake, akatimua mbio mkia juu, na hajaushusha akikimbia mpaka leo. Bi Kuchakuro akamaliza eda yake nyumbani kwake.

Funzo, wanangu: mgeni wa serikali akibisha hodi, mkaribisheni ndani kwa adabu, wala msimnyime kitu.

Ngano yangu imefika mlangoni, aliye ndani aipokee. Na Bwana Kuchakuro, na wote walioondoka huku bado tunawaita, Mola awarehemu, awape nuru kaburini. Amin.