Fisi Aliyewalilia Ningu

Kuna fumbo katika kisa hiki ambalo sijawahi kulitegua, na nimekisimulia tangu nina meno yote. Ilikuwaje wanyama wenye akili zao, waliomjua Fisi tangu ananyonya, wakampa kazi ya kulinda samaki? Wengine husema njaa iliwachosha fikra. Wengine husema Fisi alilia vizuri mno. Simlaumu mtu. Alilia vizuri kweli.

Mwaka huo mvua zilikataa. Ziwa Matete lilirudi nyuma hatua mia, likaacha matope yaliyopasuka kama kisigino cha mkulima. Nyasi zikaisha, swala wakakonda, na kila mwenye tumbo akawa anawakodolea macho ningu, wale samaki wanono wanaopanda mto kwenda kutaga katika Bwawa la Juu.

Samaki hao hawakuwa wa mmoja. Tangu zamani walisimamiwa na Baraza la Ziwa. Upande mmoja walikaa wazaliwa wa maji, wakiongozwa na bibi mmoja wa ukoo wa fisimaji, wale wavuvi wenye manyoya laini. Jina lake Bi Sharubu. Upande wa pili walikaa watu wa Simba, mwenye nchi. Neno halikupita mpaka pande zote mbili ziseme ndiyo. Na katikati, asiye na upande, alikaa Nungunungu, mtaalamu wa baraza.

Kazi yake ilikuwa kujua hali ya samaki. Kila mvuvi alitia kichwa cha samaki wake katika kikapu kilichowekwa ufukweni. Nungunungu alikipasua kichwa, akatoa kijiwe kilichomo sikioni, akahesabu pete zake kama za gogo lililokatwa: pete moja, mwaka mmoja. Kisha alichomoa mwiba mgongoni na kuandika kwenye gamba la mti. Hesabu hazijawahi kumsaliti, naye alizipenda kama wengine wanavyopenda watoto. Vikapu alivileta Fisi, aliyejitolea bila kuombwa.

"Miguu yangu haina kazi," alisema. "Sitaki chochote. Nafuata thawabu tu."

Mwaka ule vichwa vyote vilivyofika vilikuwa vidogo. Pete moja, pete mbili, pete moja tena. Nungunungu akaandika kwa moyo mzito: ningu wakubwa wamekwisha.

Barazani Fisi alilia hata kamasi zikamtoka. "Ningu wangu! Watoto mayatima! Jamani, tuufunge uvuvi, ziwa na mto, mpaka mvua zirudi. Bwawa la Juu nitalilinda mimi, mimi peke yangu, na mguu wa mtu mwingine usikanyage huko!"

"Wakubwa wapo," alisema Bi Sharubu. "Wamezama kwenye maji baridi. Nawasikia wakigonga mawe. Juzi tu nimetia kikapuni kichwa kikubwa kama ngumi yangu."

"Njaa humwotesha mtu, shangazi," Fisi alimjibu kwa huruma. "Nakwambia kama ndugu. Hata jina tumegawana."

"Jina tumegawana. Tabia umebaki nayo yote."

Baraza likacheka. Simba hakucheka, alitikisa manyoya ya shingo, akasema, "Mimi siongozwi na masikio ya bibi kizee. Mtaalamu, hesabu inasemaje?"

Nungunungu alimtazama Bi Sharubu, kisha akalitazama gamba lake. "Hesabu inasema wamekwisha, mtukufu."

Wazaliwa wa maji wakanong'onezana. Waliogopa kula mbegu ya wajukuu wao. Mwishowe nao wakasema ndiyo, uvuvi ukafungwa, na njia ya wavuvi ya kuingilia majini ikazibwa kwa uzio wa miiba.

Wiki tatu baadaye Bi Sharubu alifika asubuhi penye shimo la Nungunungu. Mbavu zake zilikuwa zimetokeza zote, naye Nungunungu, kwa mazoea, akazihesabu.

"Mtaalamu, wajukuu wangu wawili hawana tena nguvu ya kuogelea. Sikuja kugomba. Nina swali moja tu. Vile vichwa ulivyosoma, nani alivichagua?"

"Havikuchaguliwa, bibi. Vililetwa."

"Na nani?"

Miiba yote ya Nungunungu ikasimama, na haikuwa kwa hasira. Pete alikuwa amezihesabu sawasawa, hakukosea hata moja. Alichosahau kuhesabu ni mdomo uliokuwa njiani.

Wakapanda mto pamoja, jua likiwa utosini. Fisi alikuwa amelala chali kando ya Bwawa la Juu, tumbo limevimba kama ngoma, anakoroma. Nyuma ya kichaka palikuwa na mavi meupe kama chokaa, mapya na ya zamani. Nungunungu alichomoa mwiba, akaziba pua, akachokoa. Kikadondoka kijiwe kikubwa kama harage. Fisi husaga mfupa wa nyati, lakini ningu alikuwa akiwameza wazima kwa pupa, na vijiwe vyao vigumu vilitoka vilevile vilivyoingia.

"Pete kumi na mbili," alinong'ona. "Hiki kumi na tano. Miaka yote hii ya elimu, bibi, na leo nasoma mavi!"

"Soma, mwanangu. Maandishi ni maandishi."

Nungunungu alitaka kukimbilia barazani papo hapo, ila Bi Sharubu alimzuia. "Ukimwendea hivyo, atasema ni ya fisi mwingine. Tupitie kwanza kwa Sungura."

Sungura alikuwa mpiga mbiu wa baraza, na alipenda hila nzuri kuliko majani mabichi. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna sikio, akaenda kupiga mbiu: kesho mlinzi wa ningu atatuzwa mbele ya wote.

Fisi alikuja amejipaka mafuta.

"Kaka Fisi," Sungura alianza, "wenye wivu wanasema jamaa zako huja kunywa pale bwawani."

"Waongo! Hakuna fisi mwingine aliyekanyaga kule."

"Hata shemeji yako?"

"Shemeji alichungulia tu, nikamng'ata sikio. Mwite umtazame!"

"Kwa hiyo tukiona alama yoyote kule, unyayo, unyoya..."

"Wangu! Kila unyayo, kila unyoya, kila kilichodondoka kule ni changu. Naapa kwa kichwa cha mama yangu!"

"Kila kilichodondoka," Sungura alirudia polepole, ili hata viziwi wasikie. "Mtaalamu, karibu."

Nungunungu alisimama. Kabla ya kumtaja Fisi alijitaja mwenyewe. "Jamani, nilikosea. Nilihesabu nilicholetewa, nisiulize kimepitia wapi, na nikampuuza yule anayeishi na samaki hawa. Sasa tazameni." Akamwaga vijiwe arobaini juu ya jani. "Hawa ni ningu wa miaka kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Bi Sharubu alisema kweli, wapo. Hawa arobaini ndio hawapo tena. Vijiwe vyao nimevitoa ndani ya kilichodondoka kule."

Kisha Nyani akanusa lile jani, akaelewa, akaanguka kwa kicheko.

"Mavi hayatoi ushahidi!" Fisi alifoka.

"Ya wengine hayatoi," Sungura alisema. "Yako yana elimu."

"Nilikuwa nawaonja tu! Nione kama ni wazima!"

Simba alinguruma, kwa aibu zaidi kuliko hasira, kisha akawageukia wazaliwa wa maji. "Semeni ninyi kwanza," akasema, neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

Wakasema, na upande wa pili ukaitikia ndiyo. Uvuvi ziwani ufunguliwe siku hiyohiyo kwa kiasi, wenye watoto watangulie. Bwawa la Juu liachwe mpaka ningu wamalize kutaga, na walinzi wawe ukoo wa Bi Sharubu. Vikapu vibebwe na wawili, mmoja kutoka kila upande. Fisi asikaribie maji ya mto wala ziwa kwa miaka mitatu, anywe kwenye madimbwi. Kiboko ndiye aliyempeleka, akimsukuma kwa pua hadi mwisho wa mbuga kavu. Ule uzio wa miiba uliofunga njia ya maji aliubomoa Bi Sharubu mwenyewe kwa meno yake, wajukuu wake wawili wakapita wa kwanza. Na Fisi? Mchimba kisima huingia mwenyewe.